Mdomo wa Pili

Wiki ile sheria ya midomo ilipofutwa, mtaa wetu mzima ulijaa vumbi la matofali. Kila mwokaji alikuwa nyuma ya tanuri lake na nyundo mkononi, anagonga, anakohoa, anacheka peke yake. Jirani yangu Ngumi, tuliyempa jina hilo kwa jinsi anavyokanda unga utadhani umemtukana, aliufungua mdomo wake kwa mateke, maana alikuwa ameuziba kwa udongo na makapi. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nikautazama ukuta wangu, nisiguse hata tofali moja. Waliopita dirishani walisema yule mama ana kiburi. Hawakukosea sana, ila kiburi kilikuwa kidogo tu. Kilichobaki chote kilikuwa hamu ya mtu.

Acha nieleze kwanza hiyo sheria, kwa sababu mtu wa mbali akisikia kodi ya midomo atadhani tulitozwa kwa kusengenya, na kama ingekuwa hivyo serikali ingetajirika kwa mtaa wetu peke yake. Mdomo ni ule uwazi wa tanuri wa kuingizia mikate. Zamani za mababu, waliotawala hawakuamini hesabu za waokaji, na waokaji wenyewe hawakuwa na hesabu, basi wakaamua kutoza kitu ambacho hakifichiki. Tanuri lenye mdomo mmoja likalipa mara moja kwa mwaka, lenye miwili likalipa mara mbili, liwe linaoka au limelala. Waliotunga wakafa, waliowarithi wakafa, sheria ikabaki nzima. Hali ya maisha ilipobana, watu wakaanza kuziba. Midomo ilipozibwa makusanyo yakapungua, na makusanyo yalipopungua wakubwa wakapandisha kiwango cha kila mdomo uliobaki, na kiwango kilipopanda watu wakaziba zaidi. Mtaa uliokuwa unalisha mji wote ukawa unaoka mikate ya kuisha kabla jua halijapanda, na wenye mji wakanunua mikate ya malori kutoka ng'ambo ya mpaka.

Tanuri langu alilijenga mama yangu mzazi, na alilijenga katikati ya vyumba viwili. Mdomo wa kwanza unatazama chumba cha kukandia, wa pili unatazama chumba cha nyuma kinachopakana na duka. Makaa yakishasukumwa pembeni, mmoja huingiza madonge mabichi upande huu kwa ubao wa mpini mrefu, na mwenzake huitoa mikate iliyoiva upande wa pili. Tanuri halipumziki wala halipoi. Ukiwa na mdomo mmoja, unajaza, unasubiri, unatoa yote, unachochea upya, unajaza tena. Kuni ni zilezile, jasho lilelile, mikate nusu.

Mume wangu hakuwa mwokaji. Alikuwa fundi wa matanuri, mrefu kupita milango yote ya mtaa, na kwa urefu huo aliitwa Mlingoti. Aliitwa kwetu kuziba ufa darini mwa tanuri, kazi ndogo, akalala kwetu. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yangu akampa binti. Mama alipofariki, Mlingoti akakamata ubao wa upande wa nyuma, nami nikabaki upande wa mbele, na ndoa yetu kwa sehemu kubwa tuliiishi hivyo, tukiwa na moto katikati.

Nitasema jambo ambalo wengine wataliona dogo. Nilipoinama kuingiza mkate na yeye akainama kuutoa, nilimwona. Paji la uso pana, nyusi zilizoungua ncha, macho yamefinywa kwa joto. Moto unaunguruma, hatusikilizani vizuri, kwa hiyo tulikuwa na maneno machache ya kutosha.

"Upo?" anauliza.

"Nipo."

"Basi leta."

Nami nikaleta. Asubuhi nzima ni upo, nipo, basi leta. Ukiniuliza mapenzi ni nini siwezi kukupa jibu la maana, ila hayo maneno matatu najua yalivyokuwa yanaingia mwilini.

Ukaja mwaka wa unga kupanda bei. Tulikuwa miongoni mwa wa mwisho kuwa na midomo miwili, na tuliona fahari, mpaka maji yakazidi unga, na hapo sisemi mafumbo, kwa kuwa unga wenyewe hatukuwa nao. Ilibidi tuzibe. Majirani waliziba ovyo kwa makusudi: udongo, makapi, matofali yaliyopangwa kama meno ya mtoto, ili siku mambo yakinyooka wasukume tu. Mlingoti alikataa kuwazibia. Aliwaambia yeye alifundishwa kufungua midomo, hakufundishwa kuifumba. Wetu tu ndio aliouziba, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Na aliuziba kweli. Alichekecha udongo wa moto, akaloweka matofali, akayapanga kwa uzi, akapiga msasa maungio mpaka ukuta ukawa laini kama meza.

"Weka ovyo kama wenzio," nilimwambia. "Nani anatazama?"

"Mimi natazama."

"Siku ya kufungua utajuta."

"Siku ya kufungua nitafungua mwenyewe," akasema, akaendelea kusawazisha ungio kwa kidole gumba.

Karani wa kodi wa mtaa wetu alikuwa mwanamke mkimya tuliyemwita Bibi Rula, kwa ile rula yake ya chuma ya kupimia midomo. Sheria ilimtaka ausukume kwa mkono kila mdomo uliozibwa, aone kama umezibwa kweli. Kwa Ngumi matofali yalicheza, naye akatazama dari mpaka yakatulia. Alipofika kwetu alisukuma, akasukuma tena, kisha akapapasa ule ukuta taratibu.

"Huyu ni fundi," akasema, na sikumsikia akisema neno jingine siku hiyo.

Mdomo mmoja ni kazi ya mtu mmoja. Hakuna aliyetuambia hilo, tuligundua wenyewe, kwa kugongana. Mlingoti alisimama katikati ya chumba cha kukandia amekunja mikono, anainamisha kichwa asigonge boriti, na kila nilipogeuka alikuwa njiani. Tukaanza kugombana kwa mambo ya kipuuzi: nani kaacha ndoo mlangoni, nani kafunga gunia vibaya. Ufundi wake nao ulikufa, kwani nani atajenga tanuri katika mji unaoyaziba? Ng'ambo ya mpaka walikuwa wakitoza faida, sio midomo, na kule walikuwa wanajenga matanuri kila kona. Hakuficha kwamba alikuwa anafikiria huko. Nami sikuficha kwamba nilikuwa nalia.

Asubuhi aliyoondoka alinisimamisha mbele ya ule ukuta, chumba cha nyuma, begi likiwa begani.

"Siku watakayoacha kuhesabu midomo, niite. Nitakuja niufungue kwa mkono wangu. Usimwachie mtu mwingine auguse."

"Na wasipoacha?"

"Wataacha. Ujinga nao huchoka."

Nilimwamini. Mpaka leo sina sababu ya kusema alikuwa anadanganya.

Mama mkwe wangu alikuja kunitembelea kwa wiki moja baada ya hapo, akasahau kuondoka. Alichukua kigoda cha mwanawe, akakiweka chumba cha nyuma kuelekea ukuta, akawa anashona magunia matupu ya unga yawe taulo za kufunikia mikate. Ana ulimi mkali na sikio zito, ingawa sikio huwa zito pale tu anapotaka. Hatukuwahi kuambiana kwamba tunamsubiri mtu mmoja. Ilitosha kwamba simu ikilia sote wawili tulisimama.

Mwanzoni Mlingoti alipiga kila jioni. Nilikuwa naisogeza simu kwenye tanuri asikie moto, naye anacheka, anasema kuni zako mbichi hizo. Baadaye akawa anapiga siku za mapumziko. Baadaye akawa anapiga tu anapopiga. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Ngumi aliniambia siku moja bila kuulizwa, nikamwambia aangalie mikate yake inaungua, na kweli ilikuwa inaungua.

Kwa majirani, ukisimama nyuma ya tanuri ukaweka kiganja kwenye kile kizibo chao cha udongo, unasikia joto likipenya. Kwangu hakukupenya kitu. Nilikuwa nikimaliza kuoka nazunguka chumba cha nyuma, naweka kiganja, wakati mwingine shavu, na ukuta ni wa baridi huku moto unawaka shubiri moja mbele yangu. Nilikasirika. Ningependa angekuwa fundi mbaya kidogo, nipate hata vuguvugu. Na zaidi ya hasira kulikuwa na wasiwasi uliokuwa ukinila polepole: mtu anayetaka kurudi anaziba hivi?

Siku moja nilimuuliza mama mkwe. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Mwanangu hajui kuziba vibaya," akasema. "Usisome zaidi ya hapo."

Ndipo ikaundwa tume ya kutazama upya kodi. Walisema wanataka kujua kwa nini biashara haikui. Walikuja hadi mtaani kwetu, wakakaa kwenye ukumbi wa shule, na chama chetu cha waokaji kikanichagua niseme, kwa kuwa, walivyosema, mdomo wangu haujawahi kuzibwa. Ngumi alinifundisha maneno kwa siku kadhaa: uzalishaji, ushindani, mazingira ya uwekezaji. Niliyakariri huku nakanda. Niliposimama mbele ya ile meza ndefu yenye chupa za maji, yalikuwa kichwani yote, yamepangwa kama mikate kwenye rafu.

"Mama," mwenyekiti akasema, mtu mpole mwenye sauti ya mafua, "wewe ombi lako ni nini hasa?"

"Naomba mume wangu," nikasema.

Sijui yalitoka wapi. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Ngumi akajishika kichwa. Nilisikia uso unawaka kuliko ninapokuwa mbele ya tanuri.

"Chekeni," nikawaambia. "Mkimaliza mniambie. Tanuri langu lilikuwa na midomo miwili na watu wawili. Mlipofanya mdomo wa pili usilipike, tuliuziba. Yule mtu mlidhani atasimama wapi? Alikwenda kujenga matanuri kule malori ya mikate yanakotoka. Mnakula mikate yake nyie. Mimi sili."

Hapo hawakucheka. Mwenyekiti akamgeukia katibu wake, akamwambia andika. Katibu akauliza, kwa adabu kabisa, aandike vipi kwamba mama anaomba mume. Nyuma kabisa ya ukumbi, kwenye benchi la makarani, Bibi Rula akasimama.

"Andika kwamba kila mdomo uliozibwa ulikuwa kazi ya mtu," akasema. "Mimi nimekuwa nikiisukuma hiyo midomo kwa mkono wangu. Hakuna safu ya kujaza waliokwenda, lakini wapo."

Akaketi. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amewaandikia wakubwa wake jambo hilohilo mara nyingi, na mara nyingi akaambiwa apime tu. Tulipotoka nilitaka kumshukuru, naye akaniambia niende nikaoke, asije akaona haya mbele ya watu.

Serikali ikichemka haiivi upesi. Tume ilimaliza, ripoti ikapelekwa, ikarudishwa, ikapelekwa tena. Wapo waliotaka midomo ibaki na faida iongezwe juu yake. Wapo pia waokaji walioogopa, Ngumi mmoja wao, akidai atalazimika kuandika mauzo na mwandiko wake hata yeye mwenyewe hausomi. Ila siku ikafika. Midomo isihesabiwe tena. Mtu alipe kwenye faida anayoipata, na mdogo asiyepata cha maana aachwe akue kwanza. Redio ilitangaza wakati nakanda, nami nikaukimbilia ukuta badala ya simu. Nikauegemea, nikasema wameacha, utadhani yupo nyuma yake. Kisha ndipo nikapiga simu.

Nilimsikia akipumua.

"Usiuguse," akasema. "Nakuja."

Mama mkwe alisikia vizuri sana siku hiyo. Alifua aproni ya mwanawe ambayo haikuwa chafu, akaanika, akapiga pasi, akaitundika kwenye msumari wa chumba cha nyuma. Mimi niliosha ule ubao wa pili, mpini wake ulikuwa umekauka, nikaupaka mafuta.

Mtaa ulifunguka, mimi nikangoja. Kule Mlingoti alikuwa na tanuri la mtu ambalo hajalimaliza, hawezi kuliacha bila dari. Nikaelewa. Kisha mwenye tanuri akataka la pili. Nikaelewa kidogo. Kisha mvua, kisha mtu anaumwa, kisha simu haina chaji. Ngumi aliajiri watu wawili, mmoja wa nyuma na mmoja wa mbele, na alikuwa anawafokea kwa furaha tangu asubuhi. Malori ya mpakani yakaanza kurudi na mikate yaliyokuja nayo, halafu yakaja machache. Mtu aliyekuwa akitengeneza matoroli ya mikate akatundika kibao cha biashara. Hata muuza kuni alinunua viatu. Na mimi, na mdomo wangu mmoja, mikate yangu ikawa inaisha mapema, wateja wanatazama rafu tupu, wananiambia pole mama, wanavuka barabara. Hawakuwa na kosa. Mkate haungojwi.

Bibi Rula alipita siku moja. Rula hakuwa nayo, siku hizo alikuwa anapita kuwafundisha watu kuandika mauzo. Alikwenda chumba cha nyuma kwa mazoea, akaweka kiganja kwenye ukuta.

"Bado?"

"Namsubiri fundi."

Alimtazama mama mkwe kwenye kigoda, akaitazama aproni kwenye msumari. Alikuwa mwanamke wa kuelewa.

"Tumechelewa," akasema, na alivyosema tumechelewa alijitia ndani yeye mwenyewe, wakubwa wake, na mimi pia. Nilimkasirikia kwa siku mbili tatu.

Mama mkwe naye akachoka. Alinijia nikiwa nafuta meza.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. "Lako na ya wateja."

"Alisema tusiuguse, Mama."

"Nilimzaa. Najua alivyosema. Mpigie, umuulize kitu kimoja, usimuulize vingi."

Nikapiga, nikakaa sakafuni mgongo ukiwa kwenye ukuta. Alipokea kwa kelele za watu nyuma yake, akawaambia wanyamaze, na wakanyamaza. Hapo tu nikajua. Mtu anayenyamazisha watu ni mtu mwenye pahali pake.

"Utakuja lini?" nikamuuliza. Kitu kimoja.

"Nimejenga tanuri langu huku," akasema. "Lina midomo mitatu. Nina vijana nawafundisha, wana familia zao. Nilikuwa nataka kukwambia kila mara."

"Sikuuliza lina midomo mingapi."

"Naweza kuja kukusalimu. Kukaa..." Hakumaliza. "Wangeifuta sheria miaka ile, ningekuwa hapo nimesimama. Unajua ningekuwa hapo."

"Najua."

"Njoo wewe. Nyumba ipo. Njoo na Mama."

"Mimi siendi popote," mama mkwe akasema kutoka kwenye kigoda, kwa sauti iliyofika ng'ambo bila simu.

Nililitazama tanuri la mama yangu. Nilifikiria kuliacha nikainame kwenye mdomo wa tatu wa tanuri la watu, nimwone kupitia moto mgeni. Nilimtamani kiasi cha kuumwa, lakini niliyemtamani alikuwa amesimama hapa, upande wa pili wa ukuta huu, na huyo hakuwa tena mahali popote ningeweza kumfuata. Nilimwambia siwezi. Alisema alijua. Tukabaki tunasikilizana pumzi, watu wawili wasiojua kukata simu.

"Ulipouziba hivi," nikamuuliza mwishoni, maana ilinibidi nijue, "ulikwishajua hurudi?"

"Nani kakwambia?" Nilisikia ameumia. "Mstari wa juu, tofali la mwisho upande wa kulia. Gonga uone. Lile sikulitia udongo. Nililiacha kavu, nikapaka kwa nje tu, ili nikirudi niwe na pa kuanzia."

Niligeuka, nikautazama ule mstari wa juu.

"Fungua," akasema. "Anzia hapo. Usitumie nyundo kubwa."

Nilichukua patasi na nyundo ndogo iliyokuwa yake, nikakaa kwenye kigoda. Mama mkwe alikishika kisiyumbe. Mstari wa juu, wa mwisho, kulia. Tofali nililolipita kwa kiganja na kwa shavu mara zisizo na hesabu, halina tofauti na jingine. Niligonga kingo, udongo wa juu ukapasuka uzi mwembamba, nikalivuta kwa vidole, likatoka lote bila kubisha, kama droo ya kabati. Nyuma yake palikuwa na giza na harufu ya majivu ya zamani. Nililishika kifuani nikalia kwa sauti, nikiwa juu ya kigoda, aproni ina unga, na mama mkwe akanishika bega. Mlingoti hakunidanganya. Siku ile anaondoka alikuwa anarudi. Ni miaka iliyonipokonya yeye, na miaka yenyewe tulipewa na watu waliokuwa wanahesabu midomo.

Baada ya hilo la kwanza mengine yalitoka moja moja, yanatii. Kufikia mchana mdomo ulikuwa wazi na matofali yamepangwa kando ya mlango, mazima yote, hata moja halikuvunjika. Ngumi alikuja kuyatazama, akapitisha kidole kwenye maungio, akaenda zake bila utani, jambo ambalo kwake ni heshima kubwa.

Kesho yake nilitaka kumwomba Ngumi aniazime mtu mmoja wa upande wa nyuma mpaka nipate wangu. Nilipoingia chumba cha nyuma nikamkuta mama mkwe amevaa aproni. Ilimfika miguuni, ameikunja chini na kuishika kwa sindano. Ubao wa mpini mrefu ulikuwa mkononi.

"Mama, hii kazi ina joto."

"Jua nalo lina joto. Nenda upande wako."

"Mgongo wako je?"

"Mgongo wangu umekaa kwenye kigoda unatazama ukuta. Kazi gani ngumu kuliko hiyo? Nenda."

Nilikwenda. Nikasukuma makaa pembeni, nikapanga madonge kwenye ubao, nikainama. Moto ulikuwa unaunguruma, joto likapita moja kwa moja hadi chumba cha pili kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile. Upande wa pili na yeye akainama. Nimekaa na yule mwanamke nyumba moja, tumekula meza moja, sikuwahi kumwona hivyo, uso peke yake, umemulikwa na makaa. Paji lile pana. Yale macho, yamefinywa kwa joto. Nilisahau mkono ukiwa ndani ya tanuri mpaka nywele za mkono zikanuka kuungua.

"Upo?" akauliza. Sijui alilisikia wapi neno hilo, au kama ni yeye aliyemfundisha mwanawe, na sikumuuliza.

Nilirudisha mkono, nikaushika mpini vizuri.

"Nipo, Mama."

"Basi leta."

Nikaleta.